Kabla Hujanunua Semisliki, Nisikilize

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji, kijana aliyenunua Toyota GT86, gari dogo la michezo, iliyotumika na tayari ameonja uwanja wa mbio. "Dada, gari linateleza kama limepakwa sabuni, wenzangu wananipita wote. Niambie ninunue semisliki gani. Gari ni hili hili ninaloendea kazini." Semisliki ni tairi la mbio lenye mitaro michache, ila bado linaruhusiwa barabarani. Nilicheka, kwa sababu najua ni watu wa aina gani waliomtia wazo hilo. Walinicheka na mimi.

Sikujibu kwa mstari mmoja, mdogo wangu. Vumilia.

Toyota walipoitoa GT86 mwaka 2012, katika masoko mengi waliivisha Michelin Primacy HP za 215/45R17, tairi la upole ambalo hata baadhi ya Prius, gari lao la kubana mafuta, zilitoka nalo kiwandani. Watu wakadhani ni ubahili. Kumbe walitaka gari lianze kuteleza mapema, katika mwendo ambao dereva bado ana nafasi ya kulirudisha. Huo utelezi unaokukera ndio raha uliyouziwa.

Mimi nilianza na matairi ya namna hiyo na sikuwa na haraka ya kuyavua. Yalinifundisha kusikiliza. Tairi la barabarani halikuachii ghafla: kwanza linaguna, kisha linalia, kisha linaanza kusogea pembeni taratibu, na muda wote huo usukani unakuambia mikononi kinachoendelea. Semisliki hushika sana, hunyamaza, halafu huachia. Kwa mkongwe hilo si tatizo. Kwa anayejifunza, analigundua akiwa tayari ametazama alikotoka.

Sasa, kuna bwana mmoja pale uwanjani. Simtaji, anajijua. Ana hema kubwa, ana seti mbili za rimu, ana vijana wa kumbebea jeki. Siku moja alikuja akalipiga teke tairi langu la mbele, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Dada, haya ni ya kupelekea watoto shule." Wakacheka. Nami nikacheka nao, lakini lile teke nililiweka akiba.

Matairi yale yalipoisha meno, niliingia kundi la kati, matairi ya kiangazi ya kasi kama Michelin Pilot Sport 4S. Ubavuni mwake utaona neno TREADWEAR na namba 300. Namba hiyo ni ya mfumo wa Marekani: tairi hukimbizwa kwenye msafara wa magari huko Texas kwa takriban kilomita 11,600, likalinganishwa na tairi la rejea lenye 100. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Lakini mtengenezaji ndiye anayejiandikia namba yake mwenyewe, kwa hiyo ichukue kama dokezo, si kiapo. Yokohama Advan A052 na Hankook Ventus RS4 zote zimeandikwa 200. Ya kwanza inashika vikali na inayeyuka ukiitazama. Ya pili si kali hivyo, ila inavumilia kazi ya siku nzima na kurudi tena. Namba moja, tabia mbili. Na hiyo 200 imejaa sokoni kwa sababu mashindano mengi ya ridhaa ya Marekani yameifanya kima cha chini, basi viwanda vikajipanga hapo hapo mlangoni. Ukishuka zaidi unakutana na Toyo Proxes R888R yenye 100. Hilo kisheria ni la barabarani, kimoyo ni la uwanjani.

Turudi kwa yule bwana. Mwezi uliopita tulikutana tena, jua kali, lami inatoa mvuke wa joto. Yeye ameweka semisliki mpya na upepo wa kwenye kibandiko cha mlango, psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), tairi likiwa baridi. Mimi niko na 300 zangu, nimeanza na 28. Mizunguko ya kwanza alinipotea machoni, sikatai. Kisha nikaanza kumwona. Kisha nikaanza kumwona vizuri. Kila kona gari lake linasukuma pua nje, anasubiri, anasubiri, ndipo anagusa mafuta. Nilimpita kwa ndani, kwa adabu, na mkono nikampungia.

Hakukuwa na uchawi. Upepo ndani ya tairi hupanda kama psi moja kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto linaloongezeka, na uwanjani tairi hupata moto hasa. Aliyeanza na 35 anaweza kujikuta juu ya 42, tairi limevimba katikati, linakanyaga kwa kisehemu kidogo tu, na kile kisehemu kinaungua. Aliporudi kwenye hema lake mpira ulikuwa umeota malengelenge. Mimi niliingia, nikapima papo hapo kabla halijapoa, 35, nikatoka tena. Hajanisalimia mpaka leo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni geji ya upepo. Wa pili ni geji ya upepo. Pima tairi likiwa moto, punguza, ingia tena. Na kabla ya kuanza safari ya nyumbani, tairi likishapoa, rudisha upepo wa kibandiko. Hili watu hulisahau wakiwa na furaha.

Pakaa chaki kwenye bega la tairi, ule ukingo unaopakana na ubavu, kabla ya kuingia. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala: upepo hautoshi, au kemba haitoshi, yaani ule mlalo wa gurudumu kuelekea ndani kwa juu. Nyuzi moja au mbili za kemba hasi mbele, fundi akizirekebisha vizuri pamoja na alaimenti, yaani uelekeo wa magurudumu, zitakuokolea bega la nje ambalo vinginevyo litakwisha huku katikati kukiwa bado kupya. Nani anaweka picha ya alaimenti mtandaoni? Hakuna. Wote wanaweka picha ya matairi.

Na mvua. Semisliki ina mitaro michache, maji hayana pa kwenda, tairi linapanda juu ya maji na gari linakuwa mashua. Uwanjani utatoka nje ya njia, utacheka. Barabara kuu, usiku, katikati ya malori, hakuna cha kucheka. Asubuhi ya baridi nayo, chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa kiangazi unakuwa mgumu, na ule wa semisliki ndio mbaya zaidi. Wewe umesema gari ni hilo hilo la kazini. Basi maisha ya tairi lako yako hasa kwenye foleni, kwenye madimbwi, na abiria pembeni. Chagua kwa ajili ya hayo. Jamani, tuache kuvaa magari yetu kwa ajili ya macho ya watu wa hemani! Aliyekucheka hatakuwapo unaporudi nyumbani na mvua, wala hatakununulia seti nyingine.

Haya, kwako kijana. Kama hizo Primacy bado zina meno na si nzee, zimalize kwanza; umri wake usome kwenye tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwanda iliyoandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Fedha ya semisliki peleka kwenye mafuta mapya ya breki na pedi zinazostahimili joto. Hizo Primacy zikiisha, nunua kundi la 300 kwa upana ule ule au hatua moja zaidi. Zifanyie taratibu kilomita mia chache za barabarani kabla ya kuzipeleka uwanjani, maana mpira mpya una utelezi wake na meno marefu hujipinda na kuchemka upesi. Semisliki zisubiri siku utakapokuwa na rimu za pili na namna ya kuzibeba.

Viwanja vingi huzunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo tairi la mbele kushoto ndilo linalobeba mzigo. Ukitoka huko nitumie picha ya bega lake na upepo uliopima moto. Muda wako wa mzunguko sihitaji.