Je, wadudu wa malaria huzoea dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nikipata malaria nakunywa mseto siku mbili, nikiona nafuu vidonge vinavyobaki namwekea mwanangu. Jirani anasema nawazoesha wadudu dawa. Watazoeaje na hawana akili?

JIBU: Marahaba, mama. Jirani ana haki ya kukuonya, ila sababu aliyotoa siyo. Kimelea, yaani huyo mdudu wa malaria, hakizoei dawa wala hakijifunzi kitu. Hukosea tu kunakili. Ndani ya chembe nyekundu za damu kinazaliana kila baada ya saa 48 hivi, na kila mara hunakili vinasaba vyake, yaani maelekezo ya urithi yenye herufi kama milioni 23. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea mabilioni, na kwa wingi huo makosa hayakosekani. Mengi hayakisaidii kitu. Mara chache sana kosa huangukia kwenye jeni (kipande cha vinasaba) inayogusa dawa, tena hata kabla hujameza kidonge. Ukishameza, visivyo na kosa hilo vinakufa, chenye nalo kinabaki kuzaliana, na mbu anakibeba hadi kwa jirani ambaye hajawahi kugusa mseto.

Ndivyo ilivyokuwa kwa klorokwini, dawa yetu ya malaria ya zamani (ule muwasho wake nani ameusahau?). Ilikuwa ikijikusanya kwenye kifuko ambamo kimelea humeng'enya damu yetu. Kosa lililobadilisha kiungo kimoja tu (asidi amino ya 76) katika protini ya ukuta wa kifuko hicho liliuwezesha ukuta kuitoa dawa nje. Klorokwini ikashindwa, na mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikashindwa. Ndipo tukaja kwenye mseto.

Mseto ni dawa mbili. Artemetha hufyeka vimelea vingi upesi, lakini baada ya saa chache imeshatoka mwilini. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia masalia. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: Kagera, ng'ambo ya ziwa letu Victoria, vimeonekana vimelea vyenye badiliko kwenye jeni iitwayo kelch13, ambavyo artemetha huviondoa polepole. Kazi kubwa zaidi inabaki kwa lumefantrini, nawe ukikatisha dozi unaipunguza nguvu.

Kwa mtu mzima ni vidonge 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3. Kunywa pamoja na chakula chenye mafuta, hata hao dagaa wako wa kukaanga, kwani bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri. Mtoto apimwe kwanza, kisha apewe dozi ya uzito wake, siyo masalia yako.