Ukianza kazi ya misaada Palestina, tafuta kwanza nani ameshika mlango

Vijana wapya wanaoingia kwenye kazi hii wanatoka njia nyingi. Wengine wamemaliza shahada ya uchumi, wengine wameajiriwa na mashirika ya misaada, na tangu vita ya Gaza ilipoanza Oktoba 2023 wameongezeka wale wanaochangisha misikitini na makanisani ambao wanataka kujua michango inafika wapi. Karibu wote huanza na swali moja: wafadhili wametoa kiasi gani? Naomba mliweke kando kwa muda. Katika kusoma bajeti na taarifa za miradi ya Ukingo wa Magharibi na Gaza, swali lililonifungulia mengine yote ni hili: fedha hizi, au saruji iliyonunuliwa kwa fedha hizi, zitapita kwa ruhusa ya nani?

Someni Itifaki ya Paris ya Aprili 1994, makubaliano ya kiuchumi kati ya Israel na Wapalestina. Ni waraka mkavu, ndiyo maana wengi wanauruka. Uliweka Israel na maeneo ya Wapalestina chini ya utaratibu mmoja wa forodha. Bidhaa anazoagiza mfanyabiashara wa Nablus kutoka nje hupita kwenye bandari na vivuko vinavyosimamiwa na Israel. Israel inakusanya ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, inakata asilimia 3 kama malipo ya kazi hiyo, halafu inatakiwa kupeleka kilichobaki kila mwezi kwa Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya Wapalestina yenye makao Ramallah. Wapalestina wanaliita fungu hilo maqasa, na kwa miaka mingi limekuwa takriban theluthi mbili ya mapato ya Mamlaka. Fikiria ushuru wa bandari ya Dar es Salaam ukikusanywa na nchi jirani, na mwalimu wa Dodoma akisubiri jirani huyo aamue kama mwezi huu atautuma.

Na si jambo la kufikirika. Maqasa ilizuiwa mwaka 2006 baada ya Hamas kushinda uchaguzi, ikazuiwa tena 2011 Palestina ilipokubaliwa UNESCO, na tena mwanzoni mwa 2015 ilipojiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwaka 2019 Israel ilianza kukata kiasi ilichosema ni sawa na malipo ya Mamlaka kwa familia za wafungwa na za waliouawa. Baada ya Oktoba 2023 ikaanza kushikilia pia sehemu iliyokuwa ikitumika Gaza. Watumishi wa Mamlaka wamekuwa wakipokea mshahara pungufu tangu Novemba 2021, yaani vita hii haikuwa imeanza. Mtu akiwaambia kwamba Wapalestina wanaishi kwa kuomba, mwonyesheni mstari wa maqasa. Fedha hizo ni kodi zao wenyewe.

Ukishaelewa hapo, takwimu za misaada zinaanza kusema kitu. Mkutano wa wafadhili wa Paris wa Desemba 2007 uliahidi dola bilioni 7.7, zaidi ya Waziri Mkuu wa Palestina, Salam Fayyad, alivyokuwa ameomba. Mwaka uliofuata, kwa hesabu za Benki ya Dunia, msaada wa moja kwa moja kwenye bajeti ulifika kama asilimia 27 ya pato la taifa. Kufikia 2021 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 2. Kwa hiyo mtu anayezungumzia misaada ya Palestina bila kutaja mwaka anaweza kuwa anazungumzia mambo mawili tofauti kabisa. Jifunzeni pia kutenganisha ahadi, mkataba uliosainiwa na fedha zilizotoka benki. Cairo, Oktoba 2014, ziliahidiwa dola bilioni 5.4 baada ya vita ya mwaka ule, karibu nusu zikisemwa ni za kujenga upya Gaza. Magazeti yaliandika bilioni 5.4. Familia zilizobomolewa nyumba zilikutana na orodha ya kusubiri saruji, maana kila mfuko uliingia kwa utaratibu maalum wa usajili na ukaguzi, na sehemu kubwa ya ahadi ilichelewa au haikufika.

Mfano ninaowasimulia wote ni wa vitalu nyumba vya Gaza, kwa sababu ndani yake kila kitu kilikuwepo isipokuwa njia. Mwaka 2005 Israel iliondoa walowezi wake Gaza. James Wolfensohn, aliyekuwa ametoka tu kuongoza Benki ya Dunia na sasa akiwa mjumbe wa kundi la Marekani, Urusi, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Mataifa, alikusanya dola milioni 14 kununua vitalu vya walowezi vipatavyo 3,000 ili wakabidhiwe Wapalestina. Ndani ya kiasi hicho alitia dola 500,000 zake mwenyewe. Baadhi ya vitalu viliporwa siku za makabidhiano, na hilo lazima lisemwe. Lakini vingi vilikarabatiwa, vibarua wakaajiriwa, nyanya, pilipili hoho na stroberi zikapandwa, na mazao yakawa tayari kwa soko la Ulaya. Novemba 2005 ulisainiwa mkataba wa kuruhusu watu na bidhaa kupita, wenye hata idadi ya malori ya kila siku. Halafu kivuko cha Karni, ambacho ndicho kilichokuwa njia ya mizigo, kikafungwa kwa siku nyingi mwanzoni mwa 2006, Israel ikitaja sababu za usalama. Stroberi haingoji. Mazao yakaoza, mengine yakauzwa kwa bei ya kutupa ndani ya Gaza kwenyewe, na mradi ukafa kabla ya msimu wa pili kuupa nafasi.

Taarifa nyingi za tathmini za wafadhili zingeweka kisa kama hicho chini ya kichwa cha habari kinachosema uendelevu mdogo wa mradi. Msikubali lugha hiyo. Andikeni tarehe ambazo mlango ulifungwa, andikeni nani aliufunga na kwa sababu gani aliyoitoa. Msomaji ataona mwenyewe.

Uwekezaji binafsi unakutana na mambo yale yale. Bashar Masri, mfanyabiashara Mpalestina, alianza kujenga mji mpya wa Rawabi kaskazini mwa Ramallah mwaka 2010 kwa ubia na kampuni ya serikali ya Qatar, mradi uliozidi dola bilioni 1. Nyumba zilisimama. Maji hayakuwepo, kwa kuwa bomba na barabara vilipaswa kupita Eneo C, ambalo kwa makubaliano ya Oslo ya miaka ya 1990 kati ya Israel na Wapalestina liko chini ya utawala kamili wa Israel na ni takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi. Kibali cha maji kilipatikana 2015. Hebu jiulizeni ni benki gani ingekuvumilia miaka hiyo yote ukiwa na majengo yasiyokalika. Masri alikuwa na Qatar nyuma yake. Mwenye karakana ya viatu Hebron hana. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba vikwazo vya Eneo C viliinyima Palestina dola bilioni 3.4 kwa mwaka, sawa na asilimia 35 ya pato lake. Linganisheni na misaada ya mwaka wowote mnaoujua.

Kuhusu benki nitasema kwa kifupi, ingawa lina uzito. Palestina haina sarafu yake. Inatumia shekeli ya Israel, dinari ya Jordan na dola, na Mamlaka ya Fedha ya Palestina, inayofanya kazi za benki kuu, haiwezi kuchapisha noti. Benki za Wapalestina hutegemea benki za Israel kufanya malipo ya shekeli, na noti za shekeli hujaa kwenye maghala yao kwa sababu kiasi kinachoruhusiwa kurudishwa Israel kina kikomo. Mjuao kazi ya mikopo mtaelewa hilo linafanya nini kwa mkopeshaji.

Msije mkadhani nawatetea viongozi wa Ramallah. Uchaguzi wa bunge wa mwisho ulikuwa 2006. Bajeti imekuwa ikipitishwa kwa amri ya rais bila wabunge kuihoji, na tangu mgawanyiko wa 2007 Gaza na Ukingo wa Magharibi vimekuwa na tawala mbili. Mwananchi wa Jenin ana haki ya kujua mshahara wa afisa usalama na dawa za hospitali vinagawanaje fungu moja, na wafadhili waliodai uwazi hawakukosea. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni pale walipofanya mageuzi ya ofisi kuwa sharti la kwanza huku wakinyamaza kuhusu vivuko. Ofisi safi haifungui kivuko.

Sasa Gaza. Februari 2025 Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya walikadiria kwamba kujenga upya kutahitaji dola bilioni 53.2 kwa miaka kumi. Namba za aina hiyo mtazisikia kila mkutano. Mkipewa kazi ya kuandika pendekezo la mradi, hata likiwa dogo la kisima au zahanati, tengenezeni kwanza jedwali la vifaa: mabomba, pampu, nyaya, saruji, jenereta. Mbele ya kila kifaa andikeni kama kimo kwenye orodha ya Israel ya vitu vyenye matumizi mawili, yaani vinavyoweza kutumika kiraia na kijeshi, kitapita kivuko kipi, kitashushwa kwenye lori moja na kupandishwa jingine mara ngapi, na gharama ya siku za kusubiri ataibeba nani. Mpigieni simu mkandarasi wa huko kabla hamjajaza bei, kwa sababu anajua ni kivuko kipi kilifunguliwa wiki hii. Mfadhili akiuliza kwa nini bajeti ya usafirishaji ni kubwa hivyo, mpeni jedwali hilo kama lilivyo.