Mti wa asili, wa kienyeji, wa kigeni au vamizi?

SWALI: Tunaandika vibao vya miti katika bustani kubwa ya jiji hapa Nairobi. Wenzangu hawatofautishi "mti wa kienyeji" na "mti wa asili", na kila mti uliotoka nje wanauita "vamizi". Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na kosa la pili ndilo zito. "Wa kigeni" hueleza mti ulikotoka. "Vamizi" hueleza unachofanya ulipofika. Nairobi Arboretum, bustani ya miti ya jiji, ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribia miti ya kigeni, na mingi imetulia pale pale ilipopandwa. Lantana, mmea wa kichaka uliotoka Amerika ya kitropiki, ni ya kigeni tena vamizi: ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, kisha vichaka hufunga mpaka miche ya miti ya asili inakosa mwanga. Ndiyo maana katika msitu wa Karura, hapa Nairobi, hung'olewa. Ikifyekwa tu, kisiki huchipua upya. Taja pia mahali, kwani mjakaranda huhesabiwa vamizi Afrika Kusini, na hukumu ya kule haihamii Nairobi hivi hivi.

Neno "vamizi" halipokei kiambishi: mmea vamizi, mimea vamizi. "Mimea wavamizi" tuiache. Vilevile "mti mgeni" ni mti usiozoeleka machoni, si lazima uwe umetoka nje.

"Kienyeji" ni neno la mazoea. Tunasema mahindi ya kienyeji, ilhali mahindi yalitoka bara la Amerika. Wala jina la Kiswahili si ushahidi: mwembe na mwarobaini asili yake ni Asia, mkrismasi (*Delonix regia*) ni Madagaska. Kwenye kibao tumia "mti wa asili", kwa mfano kwa *Croton megalocarpus*, ambao Wakikuyu huuita mũkindũri.

Hapo kuna mtego mmoja. Ukiandika "Mti wa asili ya Australia", mpita njia atasoma maneno matatu ya mwanzo na kuondoka na habari iliyo kinyume. Andika hivi:

Mgrevilea (*Grevillea robusta*)
Asili yake: Australia mashariki
Mti wa kigeni, uliopandwa

Mstari wa mwisho una kazi yake. "Msitu wa asili" ni ule uliojiotea, kwa hiyo hata mũkindũri ukipandwa kwa safu bustanini, mti ni wa asili lakini safu hiyo si msitu wa asili.