Kipimajoto si kibovu: kwa mlioanza maabara muhula huu

Wadogo zangu, juzi nimekuta tena kipimajoto kizima kimetupwa kwenye droo ya vibovu. Tuelewane mapema.

1. Kipimajoto husoma halijoto yake chenyewe, kwa hiyo kipeni muda kilingane na maji. Korogeni kwanza. Balbu isiguse kitako cha bika, na jicho liwe usawa wa zebaki.

2. Halijoto na joto ni vitu viwili. Kilo 1 ya maji inahitaji takriban jouli 4,200 kupanda nyuzi 1, na mnaiona ikipanda. Hilo ndilo joto linalohisika, na Q = mcΔT (joto = masi × jouli za kupandisha kilo 1 nyuzi 1 × badiliko la halijoto) ni ya hapo tu. Shaba huhitaji kama jouli 390, lakini msiiache kalorimita, yaani chombo cha shaba mnachopimia joto, nje ya hesabu.

3. Sasa barafu, na hapa mnaniumiza kweli. Mwenzenu mmoja aliwasha hita chini ya bika lenye barafu na maji, akasoma 0. Akangoja, 0. Akabadilisha kipimajoto, bado 0. Akabadilisha hita. Mwishowe akajaza jedwali kwa namba za kubuni, zikapanda vizuri hadi 5, na huku vipande vya barafu vinaelea mbele yake! Kuchanganyikiwa hakunisumbui, kila mtu hupitia hapo. Kilichonisikitisha ni kwamba zile sifuri alizozifuta ndizo zilizokuwa jaribio lenyewe. Joto lilikuwa likiingia muda wote, ila lilikuwa linaachanisha molekuli za barafu badala ya kupandisha halijoto. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu hula takriban jouli 334,000, joto ambalo lingeyafikisha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Mwanasayansi Joseph Black aligundua joto hili lisiloonekana kwenye kipimajoto, yaani joto fiche, katika karne ya 18 kwa kujiuliza kwa nini barafu huchelewa hivyo kuyeyuka. Grafu ikilala kwenye 0, iacheni ilale, mwendelee kuandika.

4. Ifuteni barafu ikauke kabla ya kuitumbukiza. Maji yaliyoigandamia yameshayeyuka, na hesabu yenu inayachukulia kuwa barafu.

5. Mkishuku kipimajoto, kijaribuni kwenye barafu iliyopondwa na maji safi, msikilinganishe na cha meza ya jirani. Maji yanayochemka nayo yanafaa, ila nyuzi 100 ni kwa kanieneo (mgandamizo) ya kawaida ya hewa ya usawa wa bahari. Mlipo juu zaidi yatachemka chini ya hapo, kwa hiyo someni baromita, kipimo cha kanieneo ya hewa, kwanza.