Kopraimu SI tasa mbili! Mimi nililipia kosa hilo shilingi 26,000

Baba Shiku, weka kalamu chini. Hiyo kazi isifike kwa mwalimu kesho.

Umeandika kwamba Shiku yuko Gredi ya 7, amepewa jozi za namba aonyeshe zipi ni kopraimu (yaani hakuna namba inayozigawanya zote mbili ila 1), na tayari umemsaidia. 13 na 39 mmeweka tiki "kwa sababu zote ni tasa", yaani kila moja haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. 8 na 9 mmeweka mkasi "kwa sababu hakuna hata moja iliyo tasa".   Ila hiyo 13 na 39 niliisoma nikiwa kwenye matatu na nusura nishuke kabla ya steji.

39 si tasa, mzee. Ni 13 mara 3. Hizo mbili zina 13 kati yao, kama ndugu wanaogombania shamba moja. Na 8 na 9 mliyoipiga mkasi ndiyo safi kabisa: 8 imejengwa kwa 2 tupu, 9 kwa 3 tupu, hazijuani hata kwa salamu. Mmegeuza zote mbili. Sikucheki. Mimi niligeuza hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa ya chuma.

Mwaka 2018 nilikuwa natengeneza mashine za kukatakata nyasi za nepia za kulisha ng'ombe, pale Kariobangi Light Industries. Mfugaji mmoja wa Limuru akaagiza nne kwa mpigo. Nne! Nilikuwa nimezoea kuuza moja kwa mwezi. Ndani ya hiyo mashine kuna gia ndogo inayosukuma gia kubwa, na hiyo kubwa ndiyo inazungusha roli za kuvuta nyasi polepole kuelekea kwenye visu. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kerezo anikatie meno. Akapiga hesabu kwenye kipande cha katoni, akasema, "Ndogo meno 17, kubwa meno 50. Hizo ni kopraimu, zitalika sawasawa."

Sasa mimi msomi nikaingilia. "Mzee, 50 itakuwaje kopraimu na inaisha na sufuri? Kopraimu lazima zote ziwe tasa. Weka 51."

Akaniangalia juu ya miwani. "51? Hebu igawanye kwanza."

Nikamwambia hesabu nilipata B.

Akasema, "Haya kijana, pesa ni yako." Na ilikuwa yangu kweli. Kwa meno 50 kazi ilikuwa rahisi: kile kichwa chake cha kugawia, kifaa cha kugeuza gia kwa hatua zilizo sawa, unazungusha mkono mara 40 ndipo gia igeuke mara moja, kwa hiyo kila jino ni sehemu nne kati ya tano za mzunguko wa mkono, unahesabu matundu ya sahani yake unaendelea. Kwa 51 inabidi uwe na sahani yenye duara la matundu 51, na hakuwa nayo. Ikakodiwa kwa jirani, nikalipa mimi. Yaani nilitoa pesa ya ziada ili niharibiwe kazi. Kama kuna mtu humu jukwaani amewahi kununua hasara kwa bei ya juu kuliko faida, ajitokeze tukae meza moja.

Baada ya wiki kama tano hivi, simu kutoka Limuru. Mashine inagonga. Si kelele ya kawaida, ni ko, ko, ko, kama mtu wa kodi mlangoni. Nikapanda na spana zangu, nikafungua kifuniko, nikapangusa grisi kwa kitambaa. Gia kubwa ilikuwa nzima karibu yote, isipokuwa meno matatu yaliyochimbika ubavuni kana kwamba yametafunwa. Nikachukua chaki nikayahesabu yote kuanzia kwenye alama moja. Mabovu yalikuwa la 4, la 21 na la 38.

Toa 4 kwenye 21. Toa 21 kwenye 38. Ni 17, na 17 tena. Nikakaa chini kwenye gunia la pumba.

Gia ndogo ilikuwa na jino moja lenye ukucha wa chuma ambao hatukuupiga tupa vizuri. Kwa kuwa 51 ni 17 mara 3, lile jino bovu kila likizunguka lilikuwa linakutana na meno yaleyale matatu. Leo, kesho, mpaka kiama. Meno mengine 48 hayakuwahi hata kuliona. Kama ingekuwa 17 na 50, lile jino lingepita kwa yote 50 kabla ya kurudi kwa lile la kwanza, na jozi ileile ya meno ingekutana tena baada ya migongano 850, si 51. Ubaya ungesambaa kidogo kidogo kwa kila mmoja, na ule ukucha ungesuguliwa na umma mzima badala ya kuwachimba watu watatu tu. Jino bovu ni bovu, sikatai, lakini mimi ndiye niliyelipatia mahali pa kuuma.

Mashine zote nne nilizirudia gia. Seti moja 6,500, mara nne ni 26,000, na bado sijahesabu gari la kupanda na kushuka Limuru. Mzee wa kerezo hakunicheka. Alitoa tu kile kipande cha katoni, alikuwa amekihifadhi, akakiweka mezani. Ingekuwa afadhali angecheka.

Sasa niseme kuhusu aliyenipotosha, maana bado ananikaa kooni. Tulikuwa na mwalimu wa tuisheni wakati wa likizo, tunalipa shilingi 50 kwa kipindi, watoto sitini kwenye ukumbi mmoja wa mabati. Alitupa sheria mbili na akatuimbisha. Ya kwanza: kopraimu ni tasa mbili zikikaa pamoja. Ya pili: namba yoyote witiri isiyoisha na 5 ni tasa. Mtu mmoja akauliza, na 9 je? Akajibu 9 ni ya kipekee. Na 21? Nayo ni ya kipekee. Huyo jamaa alikuwa na namba za kipekee nyingi kuliko za kawaida! Na sisi tukaandika, tukapigia mstari mwekundu. 51 ilipita kwenye hiyo sheria ya pili bila hata kukaguliwa, na ungejumlisha tu 5 na 1 ungepata 6, ukajua 3 inaingia. 39 yako pia: 3 na 9 ni 12, 3 inaingia. 57, 87, zote ni wanafiki wa aina hiyo. 91 ndiyo mbaya zaidi, maana 3 haiingii, ni 7 mara 13.

Lakini hata kama 51 ingekuwa tasa kweli, swali lenyewe tulikuwa tunauliza vibaya. Tasa ni tabia ya namba moja, unaichunguza ikiwa peke yake. Kopraimu ni kama ushemeji: huwezi kuwa shemeji ukiwa peke yako chumbani. 50 na 17 ni kopraimu. Hiyo hiyo 50 na 15 si kopraimu, 5 imo kwa zote. Jina ndilo mchongezi, kwa sababu lina "praimu" ndani yake, yaani tasa kwa Kiingereza. Wenzetu Watanzania waliosoma hivi vitu kwa Kiswahili wana KKS, kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili, na kwao jibu ni fupi: KKS ikiwa 1, zimepita. Basi. Hakuna anayeuliza nani tasa.

Kwa hiyo Shiku asikariri orodha ya namba tasa. Afanye hivi tu: agawanye kubwa kwa ndogo, ashike baki. Kisha ile ndogo aigawanye kwa hilo baki, ashike baki jipya, aendelee hivyo. Akifika kwenye baki la 1, ni kopraimu. Akiangukia 0 kabla ya kuona 1 popote (hata kwenye jozi yenyewe), si kopraimu, na namba aliyogawia mwisho ndiyo hiyo KKS yenyewe. Njia hii iko kwa Euclid, Mgiriki wa yapata mwaka 300 KK, kwa hiyo mwalimu wangu hakuwa na kisingizio cha mtaala mpya.

Ona 50 na 17: 17 inaingia mara 2, baki 16. 17 kwa 16, baki 1. Imepita. 51 na 17: mara 3, baki 0. Sekunde mbili! Mzee aliniambia niigawanye, nikamjibu kwa gredi.

Jozi zenu nyingine: 25 na 35, baki 10, kisha 5, kisha 0, zimefeli kwa 5. 14 na 33, baki 5, kisha 4, kisha 1, zimepita, na hakuna tasa hata moja hapo, umeona? 21 na 22 zinafuatana, baki ni 1 papo hapo. Namba mbili zinazofuatana hupita daima, ndiyo maana 8 na 9 zilipita pia.

Mkitaka kuhakikisha, chukueni kalamu mbili, mwambie Shiku achore duara la nukta 51 na jingine la 17, ayapite yote mawili kwa vidole, nukta kwa nukta, akianzia ya 1 kwenye dogo na ya 4 kwenye kubwa. Kila akirudi kwenye ya 1 ya dogo, atachoka kabla ya kujikuta popote pengine kwenye kubwa zaidi ya ya 4, ya 21 na ya 38.

Na ile tiki ya 13 na 39 aifute kwa raba, si kwa kukwangua na wembe, karatasi itatoboka.