Bajeti ya shindano la kwanza la kuteleza kwenye barafu

Shikamoo mama. Umeuliza kama dola 100 alizokutajia binti yako huko Minneapolis zinatosha kwa shindano la kwanza la mjukuu la kuteleza kwenye barafu. Hizo ni za kujiandikisha tu. Kwa shindano zima andaeni kama mara tatu yake. Nimerudi Arusha mwaka juzi, ila mwanangu aliteleza Chicago miaka mitatu na bili nilikuwa nalipa mimi.

Kinachowashtua wazazi wengi ni kocha. Siku ya shindano analipwa kwa kusimama na mtoto kando ya barafu, na ukumbi ukiwa mbali, nauli yake mara nyingi hugawanywa kwa wazazi wa watoto alioenda nao. Muulizeni kabla ya kujaza fomu, maana tarehe ya mwisho ikishapita kwa kawaida ada hairudi hata mtoto akiugua. Kuna pia uanachama wa mwaka wa shirika la mchezo huu, Learn to Skate USA au ISI kutegemea lipi limeandaa shindano, na mazoezi kwenye barafu ya shindano, ambayo mara nyingi hulipiwa peke yake. Vyuma vya viatu vinolewe wiki moja kabla, si siku moja, ili ayazoee makali mapya.

Gauni lisiwaumize kichwa. Tafuteni la mtoto aliyekua likambana, au fundi wako hapo Moshi ashone kwa kitambaa kinachovutika, vipimo mtumiwe kwa WhatsApp. La mwanangu lilishonwa Kilombero, hapa Arusha, na lilimpendeza sana.