Akiona Koti Jeupe Tu, Analia

SWALI: Shikamoo nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Mwezi uliopita alishikwa na homa, tukampeleka zahanati kupima malaria. Kumtoboa kidole tu tulimshika watu wanne, akalia mpaka akatapika. Wiki ijayo tunarudi apimwe wingi wa damu. Bibi yake humtishia, "Usipokula namwita daktari akuchome sindano." Nami siku ile nilimwambia tunaenda sokoni. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana, wewe na mtoto.

Nimekaa chumba cha sindano cha watoto miaka 22. Mtoto aliyeambiwa anaenda sokoni namtambua akiwa bado mlangoni: hanitazami mimi, anamtazama mama yake. Sindano inauma mara moja ikaisha. Kinachomkaa moyoni ni kwamba mama alijua, asiseme. Zamani hata mimi nilikuwa nawaambia, "Sikuchomi, naangalia tu," huku bomba nimelificha nyuma ya mgongo. Niliacha, kwa sababu mtoto yule yule akirudi hata mizani anaiogopa.

Kwa hiyo safari hii mwambie kweli, lakini si leo. Ukimwambia wiki nzima kabla, halali. Mwambie asubuhi yenyewe akinywa chai: "Leo tunaenda kupima damu. Watakutoboa kidole, utasikia kama siafu amekung'ata, halafu basi. Nitakupakata." Usiseme "haiumi".

Siku moja mbili kabla, chezeni udaktari. Kunja kanga iwe mtoto, yeye awe daktari. Amtoboe mwanasesere kidole kwa kijiti cha kibiriti, ampulize, amfunge kitambaa. Mwache akutoboe na wewe. Utashangaa atakavyokubembeleza.

Mkifika, omba asilazwe kitandani. Mtoto akilazwa chali na watu wamemwinamia, hofu inapanda hapo hapo, hata kabla ya kuguswa. Kaa kwenye kiti, mpakate kifua kwa kifua, miguu yake ikuzunguke kiunoni, mkono mmoja tu utoke nje. Wala usione haya kumwomba mtaalamu wa maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo unashauri vivyo hivyo, mtoto mdogo apakatwe na mzazi. Mwombe pia atoboe pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwani katikati panauma zaidi.

Kuhusu kutobolewa, usimuulize kama anakubali, maana hapo hana hiari, na akikataa utamlazimisha. Muulize atoe mkono upi. Mtoto mmoja wa umri huo alinikatalia wa kulia, akasema huo ni wa kulia wali. Akanipa wa kushoto mwenyewe, akaangalia tone la damu likipanda kwenye kile kimrija chembamba, akauliza linakwenda wapi. Alisahau kulia.

Wakati wa kutobolewa, apulize polepole kama anapooza uji wa moto. Akilia, alie. Baba yake asimwambie mwanaume halii. Kulia hakuharibu kipimo, kinachotakiwa ni mkono kutulia tu.

Sasa bibi. Hili nakuomba usiliache. Kaa naye kwa heshima, mkiwa wawili, umweleze siku ile ya homa mjukuu wake alitapika kwa hofu. Sindano ikishakuwa fimbo ya kumlisha ugali, siku anaumwa kweli atamkimbia mtu anayetaka kumponya. Halafu mkirudi kutoka maabara, mpeleke mtoto kwa bibi huyo huyo amsimulie alivyotoa mkono mwenyewe. Bibi akimpongeza, kile kitisho hatakuwa na haja nacho tena.

Na siku hana homa, mkipita jirani na zahanati, ingieni dakika moja amwamkie nesi, kisha mtoke.